Karatasi ya Nne Kofiani

Saskatoon, Kanada

Kwako Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe pamoja na Mama. Natumai goti lako limekubali ile dawa ya kuchua, na kwamba Mama ameacha kukohoa, au angalau ameacha kuficha kwamba anakohoa. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine nitakueleza, lakini mwambie Mama aweke chai kwanza, maana barua hii si fupi, na mahali pengine itabidi uvumilie.

Kwenu nadhani mahindi yameshaota na mnangojea palizi. Huku theluji bado ipo. Hii ni nchi ya ngano, Baba, ungeipenda. Mashamba yanaenda mpaka macho yachoke, na hayana ua. Hakuna kayaba, hakuna mkonge, hakuna hata seng'enge. Nilipofika nilijiuliza watu hawa hugombania nini. Baadaye nikaambiwa hugombana vilevile, ila wao hupelekana kwa mawakili na hawapigi kelele.

Barua yako niliipata, na ndani yake ule mchoro wa shamba alioufanya Ndung'u. Kitinda mimba wetu ana mkono mzuri, hata miti ya bulugamu ameichora ikainama upande wa Mlima Elgon kama ilivyo. Ulianza kama kawaida yako: "Maitu." Mwenzangu wa ofisini, msichana wa Kihindi, aliuliza neno hilo maana yake nini, nikamwambia ni "mama yangu." Akashangaa baba kumwita binti yake mama. Nikamweleza kwamba kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na kuanzia hapo baba hana njia ila kumheshimu. Alicheka sana, akasema angependa desturi hiyo ifike kwao.

Halafu nikasoma uliyoyaandika chini yake, na kicheko kikaniisha.

Habari za ndugu zangu Njoroge na Muchiri nilikuwa nimezisikia nusu kwa simu. Sikujua kwamba Muchiri ameukata ua wa kayaba kutoka barabarani mpaka kwenye kisima, wala kwamba Njoroge alijibu kwa kupitisha trekta juu ya maharagwe ya mwenzake. Wala sikujua kwamba walitoleana panga mbele ya jiko la Mama, hadi Mzee Wafula akavuka kutoka kwake na kusimama katikati yao na fimbo yake. Uliyaandika maneno yake kama alivyoyasema, nami nikaisikia sauti yake: "Nyinyi vijana, ludisheni hizo panga ndani. Mkikatana leo, nani atazika mwingine? Mimi siko na nguvu ya kuchimba kabuli mbili." Mungu ambariki huyo jirani. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini hawa wetu wanagombana huku jembe nalo wameshalishika.

Ndipo ukaniandikia lile ombi. Ukasema mimi ndiye niliyesomea kupanga mambo kwa kompyuta, kwa hiyo niliweke shamba ndani ya mashine, itoe jibu la namna ya kuligawa. Ukasema mashine haina mtoto inayempenda zaidi, haina mke wa kuinong'oneza, na vijana wote watatu wameapa mbele ya mchungaji kwamba itakavyosema ndivyo itakavyokuwa. Halafu ukaongeza: "Wagawie sawasawa ndugu zako. Wewe ni wazi kwamba una kwako."

Nimechelewa kukujibu, Baba, na sasa nitakuambia kwa nini. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha huu tangu Krismasi.

Umewahi kuniuliza nasoma nini hasa, nami nikakujibu "kompyuta" kwa sababu ya uvivu. Ni hivi. Yako maswali ambayo mashine ikiyajibu kwa kufuata hatua moja baada ya nyingine, wajukuu wako watazeeka wakisubiri. Lakini ukiiruhusu irushe sarafu, ibahatishe hapa na pale kwa utaratibu, inapata jibu upesi, na karibu kila mara ni sahihi. Swali langu ni kama hiyo bahati ni ya lazima. Je, mtu mwenye akili ya kutosha anaweza kuiondoa, mashine ikafanya kazi ileile kwa haraka ileile bila kurusha sarafu? Nilichukua aina moja ya maswali hayo nikasema ndiyo, bahati inaondoka, na huu hapa uthibitisho. Hiyo ndiyo kazi yangu yote niliyoifanya huku.

Profesa wangu ni mama wa Kihungaria aitwaye Ilona, mfupi, asiyepoteza maneno. Alinipigia simu nikaenda ofisini kwake. Karatasi zangu zilikuwa mezani, na ukurasa wa pili alikuwa ameuzungushia penseli mahali pamoja tu.

"Hatua zako zote ni sawa," aliniambia. "Nimezifuata mpaka mwisho. Lakini hapa mwanzoni umeandika 'ni wazi kwamba.' Nioneshe."

Nikachukua chaki nikasimama ubaoni. Nikaanza, nikafuta. Nikaanza upande mwingine, nikafuta. Yeye alikuwa akinywa chai yake. Mwishowe alikuja ubaoni akaandika mfano mdogo, mistari mitatu hivi, na mfano ule ukaonesha kwamba jambo nililoliita wazi si kweli hata kidogo. Nilikuwa nimelichukulia tu, kwa sababu kila nilipolitazama lilionekana hivyo, na sikuwahi kujiuliza.

Baba, katika kazi hii yetu hakuna nusu. Ukuta ukiwa na ufa bado ni ukuta, lakini hoja ikiwa na ufa haikuthibitisha kitu. Kila kilichofuata baada ya ukurasa ule kilianguka kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Nilimshukuru, nikaenda chooni, nikafunga mlango nikalia mpaka mfagiaji akabisha kuniuliza kama naumwa.

Ufadhili wangu unaisha majira ya joto yakiisha. Nisipopata njia ya kuuziba huo ufa watanipa cheti kidogo na kunitakia safari njema. Najua ulishasimama kanisani ukawaambia kwamba binti yako anarudi daktari, wa kompyuta siyo wa sindano, na kwamba watu walipiga makofi. Naona aibu kuandika haya. Kila siku naenda ofisini, nakaa mbele ya karatasi, na sipati kitu. Yule kijana mliyesikia habari zake naye ameshaenda zake, kwa hiyo Mama asiendelee kuniuliza anapenda chakula gani. Nimechoka, na mara nyingi najiuliza nikifukuzwa hapa nitashukia wapi.

Basi barua yako ilinikuta hivyo. Nikasema angalau hili la shamba naliweza, nimfanyie baba yangu kitu kimoja kikamilike. Mashine peke yake haijui kwamba majimaji ni mabaya kuliko mteremko, ni lazima iambiwe na mtu, na kila mtu ana mizani yake. Kwa hiyo nilinunua kadi ya simu nikawapigia ndugu zangu mmoja mmoja, Jumamosi, asubuhi kwangu na kwenu jioni, nimwulize kila mmoja kipande gani kina thamani gani kwake.

Ungecheka, kama jambo lenyewe lisingekuwa la panga.

Njoroge, mwana wako wa kwanza, alianza na mambo ya afya yangu kwa heshima, kisha akashusha sauti. "Sasa, Nyambura, hiyo mashine inajua mimi ndio mkubwa? Kama haijui, si wewe uiambie tu."

Nikamwambia mashine haina habari na mkubwa wala mdogo.

"Basi hiyo ni mashine aina gani?" akasema, na nikasikia amekasirika kweli.

Muchiri yeye hakushusha sauti. "Niaje siz! Skiza, hapo kwa barabara ndio kwangu, bana. Nataka kuweka mashine ya kusaga. Njoroge atafanya nini na barabara, na yeye ni wa kupanda mahindi tu? Wewe weka hiyo kitu kwa kompyuta alafu ikitoa jibu ingine, ubonyeze tena."

Na Ndung'u, ambaye hakuna anayemwuliza chochote, nilipomtaja kile kipande cha chini penye majimaji alisema, "Hiyo hata mimi naipenda. Hapo nduma inamea yenyewe. Na nyanya ya wakati wa jua, nikipeleka Chwele sokoni, saa nne niko nimemaliza."

"Umewahi kuwaambia?"

"Ati nani ameniuliza? Wao wanasema nitapewa hiyo kwa sababu ni mbaya, mimi nanyamaza."

Kwa hiyo jambo la kwanza, Baba, nalisema bila mashine. Kinamasi si hasara kama mnavyodhani, na barabara kila mtu anaitaka. Msikate shamba kwa vipande vya mraba, huyu juu na yule chini. Kateni mikanda mirefu, kila mmoja uguse barabara juu na ushuke mpaka kwenye maji, kama bwana sorovea, yule mpima ardhi, alivyowakatia ninyi zamani. Kisima na boma lenu vibaki vyenu mpaka Mungu atakapopanga vingine. Ua wa kayaba upandwe upya kwenye mipaka mipya, na Muchiri ndiye achimbe mashimo, kwa kuwa ndiye aliyeukata.

Baada ya hapo niliiwasha kompyuta. Mstari wa kwanza wa kazi kama hii ni kuiambia mashine watu ni wangapi. Nikaandika tatu. Vidole vikakataa kwenda mbele. Niliitazama ile tatu, nikaitoa barua yako nikaisoma tena pale uliposema "ni wazi kwamba una kwako," na nilihisi kama Profesa Ilona amesimama nyuma yangu na penseli yake.

Kwangu ni wapi, Baba?

Nimeuliza kwa heshima, usikasirike. Mahali ninapolala ni chumba cha chini ya nyumba ya mtu, dirisha lake liko sawa na theluji. Siyo kwangu. Nyumba ya mume sina, na nikisubiri nyumba ya mume ndipo niwe na kwangu, huenda nikasubiri mpaka meno yaishe. Nikisema "kwetu," na husema kila siku, ninamaanisha hapo. Namaanisha ile njia ya murram kutoka lami, kisima, na kaburi la Cucu, nyanya niliyerithi jina lake, chini ya mti wa parachichi. Sikuwahi kujiuliza kama ni kwangu au si kwangu. Nililichukulia tu.

Wala sisemi ulikuwa na nia mbaya. Ulinipeleka shule wakati wenzako waliwaozesha mabinti zao. Uliuza ndama nikaenda bweni, na wazee wakakucheka kwamba unamwagilia bustani ya jirani. Hatua zako zote kwangu zimekuwa sawa, na ninazishukuru mpaka leo. Ni pale mwanzoni tu. Ulihesabu watoto wako ukapata watatu, na naamini hata hukujua kwamba umehesabu.

Nilikaa siku nyingi nikisema nisiandike haya. Ndugu zangu wameshatoleana panga wakiwa watatu, je, wakiwa wanne? Njoroge atasema nitamleta mwanamume mgeni katikati ya boma. Muchiri atasema mwenye kompyuta amejipendelea, na kweli, ningetia namba nne na mashine ikatoa mikanda minne, angekuwa na haki ya kusema hivyo. Ndiyo maana sikuitia. Kazi uliyonituma sikuimaliza, Baba, nisamehe. Umeniomba niwe mwamuzi, na mimi si mwamuzi. Mimi ni mwenye shauri kama wao.

Lakini mashine hamuihitaji, na wewe unalijua hilo kuliko mimi, maana shamba lenyewe ulilipata vipi? Ulitusimulia tukiwa wadogo mpaka Njoroge alikuwa anasinzia. Kampuni yenu ya wanahisa ilikuwa imenunua shamba la mzungu. Sorovea amekata mikanda, kila mmoja na namba yake, na namba zimekunjwa ndani ya kofia ya mwenyekiti. Watu wametoka Nyeri, Kiambu, kila mahali, wamelala kwenye stoo za mahindi wakingojea kuokota. Na wewe siku hiyo malaria imekuangusha, huwezi hata kukaa.

Cucu akaenda mahali pako. Hisa ile ilinunuliwa kwa ng'ombe wake, lakini jina lililoandikwa lilikuwa lako kwa sababu jina la mwanamke halikuandikwa. Wazee wakamwambia mwanamke haokoti. Naye akainua mkono akawaambia, "Huu si wangu, ni wa mwanangu. Mimi nimeubeba tu." Wakamsogezea kofia. Akautia mkono kofiani, akaokota mkanda wenye kinamasi chini na mawe katikati, watu wakamhurumia. Na wewe ulipopona na kuonyeshwa shamba hukulalamika. Ulikuwa unatuambia, "Aliyeokota ni mama yangu, sasa ninung'unike kwa nani?"

Mimi nimekaa huku nikiitafuta njia ya kuiondoa bahati, na nyumbani ndiyo hiyo tu inayoweza kuwaokoa ndugu zangu. Fanyeni hivi. Njoroge ndiye akate mikanda, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na anataka ijulikane. Lakini aambiwe mapema kwamba yeye ndiye atakayeokota wa mwisho. Mtu asiyejua atapata upi hukata kwa uangalifu sana. Mzee Wafula asimame shahidi, yeye hana hisa na fimbo anayo. Kofia iwe yako ile ya kanisani. Wakiokota, asiwepo wa kumlaumu mwenzake, wala wa kumlaumu mwanao aliye Kanada.

Kuhusu kazi yangu, sijui. Nimeanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, pasipo neno "wazi." Siku nyingine naona kama kuna mwanga, siku nyingi sioni. Nikirudi na cheti kikubwa nitarudi, nikirudi na kidogo nitarudi vilevile. Kanisani usiwaambie kitu bado, ila Mama mwambie, kwa sababu nikimwambia mimi kwa simu atanisikia sauti.

Nisalimie Mama sana, umwambie kitambaa alichonifumia nakivaa shingoni kila siku, na wazungu wananiuliza kinapatikana duka gani. Wasalimie ndugu zangu wote watatu, hata hao wa panga, na wake zao, na wajukuu wako wasioujua uso wangu. Shangazi wa Bungoma mwambie barua yake naijibu. Mzee Wafula mpe mkono kwa mikono miwili kwa ajili yangu. Mchungaji pia, na umwombe aniombee bila kutaja ni kwa ajili ya nini.

Sasa neno langu la mwisho, na baada yake nakuachia wewe. Siombi unipendelee. Siombi barabara, wala kisima, wala kipande kisicho na mawe. Naomba siku hiyo kofiani mtie karatasi nne. Mimi sitakuwepo, na najua kuna mzee atakayesema kwamba msichana haokoti. Basi ya kwangu niokotee wewe, Baba. Utie mkono wako uwaambie ni wa mamako, wewe umeubeba tu. Na utakachotoa, hata kikiwa majimaji matupu, sitanung'unika.

Ni mimi mama yako,

Nyambura